PlayStation ya zamani kwenye TV bapa: usinunue kisanduku kabla ya waya

TV yangu ya chogo ilipokufa, nilichomeka PlayStation ya kwanza kwenye TV bapa kwa ule waya wa njano, nyekundu na nyeupe. Aibu tupu. Sura za wachezaji zilikuwa kama zimepakwa mafuta ya mgando, na nikibonyeza kuruka, mtu anaruka nikiwa nimeshakata tamaa.

Kosa si la mashine. Gemu zake nyingi hutoa picha ya mistari kama 240, yote kwa mpigo. TV bapa nyingi hazijui mtindo huo. Zinadhani ni picha ya televisheni ya kawaida, ile ya mistari inayopokezana (nusu moja ya picha, halafu nusu ya pili), kisha zinahangaika kushona nusu mbili ambazo hazipo. Ukungu na uchelewaji vinatoka hapo.

Kichakata picha, kisanduku kinachokaa kati ya mashine na TV, kinaondoa kazi hiyo mikononi mwa TV. Mimi ninatumia kiitwacho OSSC. Chenyewe hakisubiri picha nzima ikamilike: kinapokea mstari, kinaurudia mara mbili au zaidi, kinautoa kwa HDMI. Kwa mkono wako ni sawa na hakuna uchelewaji.

Lakini OSSC haina tundu la ule waya wa njano, na wengi wanagundua hilo wakiwa wameshalipa. PlayStation ya kwanza inahitaji waya wa SCART wa RGB: wenye plagi pana ya pini nyingi, unaobeba nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Angalia usiuziwe wa Kijapani: umbo ni lilelile, ila pini zimepangwa vingine.

Ukishaunganisha, washa, chagua AV1: RGBS (njia ya SCART) kwa rimoti ya OSSC, uanze na Line2x, yaani kila mstari mara mbili. Panda taratibu. TV yangu ilikubali mara mbili, nilipojaribu tatu ikawa nyeusi tii, nikarudi. Kwenye TV yenyewe washa hali ya gemu na uweke umbo la 4:3, la sivyo kila mtu atanenepa. OSSC za toleo la 1.6 kuendelea hupitisha sauti humohumo kwenye HDMI. Za zamani zaidi zinataka spika za pembeni.

Mwenye PS2 atumie waya wa komponenti, ule wa kijani, buluu na nyekundu. Kabla hujautoa wa njano, ingia System Configuration, kwenye Component Video Out chagua Y Cb/Pb Cr/Pr. Ukisahau, rangi zitavurugika.

Nisikudanganye kuhusu PS2, lakini. Gemu zake nyingi kweli ni za mistari inayopokezana, na OSSC huzionyesha zikitetemeka pembezoni. RetroTINK 5X, kichakata kingine, inazituliza vizuri zaidi, ila bei yake imenishinda. Mdogo wangu anacheza mpira humo kila jioni na mtetemeko wake, na bado ananifunga.