Chumvi ya bahari na rangi ya gari

Kwa sisi tunaoegesha magari karibu na bahari hapa Tanga, hasa upande wa Raskazone, adui mkubwa wa rangi ni chumvi inayoletwa na upepo, ambayo huvuta unyevu, hung'ang'ania bodi na kuharakisha kutu popote pale rangi ilipokwaruzika. Mwagia gari maji mengi kwanza ili mchanga uondoke, kwa maana kitambaa kikipita juu ya mchanga hugeuka msasa. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ukianzia kwenye paa na kumalizia chini ya milango; sabuni ya unga waachie wafua nguo (ingawa wengi wetu tumeizoea), kwani huondoa nta. Polishi hula utando mwembamba wa rangi, hivyo isitumiwe mara kwa mara. Nta ndiyo kinga yenyewe: ipake kivulini, bodi ikiwa imepoa na kukauka, kwa safu nyembamba, kisha uifute kwa kitambaa laini kikavu, na uirudie kila baada ya miezi mitatu hivi. Chini ya gari nako kunahitaji maji, hasa ukitoka ufukweni.