Kujenga kazi ya chuo kikuu katika semiotiki na nadharia ya usimulizi

Nafasi za kazi zinazotangazwa kwa jina la semiotiki (taaluma ya alama na maana zake) peke yake ni adimu. Wengi wanaoifundisha wameajiriwa na idara za fasihi, isimu, mawasiliano au filamu, na semiotiki ni sehemu tu ya mzigo wao wa ufundishaji. Kwa hiyo, kabla hujaandika pendekezo la uzamivu, chagua fani mama: ile ambayo kozi zake za mwaka wa kwanza unaweza kuzifundisha bila kubabaika. Anayeliahirisha jambo hili huhitimu na tasnifu nzuri isiyo na idara ya kuipokea.

Kisha tafuta swali. "Semiotiki ya matangazo ya biashara" ni mada, bado si swali. "Matangazo ya dawa hutumiaje nyakati za vitenzi kumfanya mgonjwa ajione amekwisha kupona?" ni swali, kwa sababu lina matini, lina kipengele cha kuchunguza, na jibu lake linaweza kupingwa kwa ushahidi.

Ukubwa wa data hutegemea kina cha uchambuzi. Mtaalamu wa ngano Vladimir Propp, katika kitabu chake cha 1928, alichambua ngano 100 za Kirusi akapata majukumu 31 ya kisimulizi (matendo yanayosukuma kisa, kama vile katazo na kuvunjwa kwake) na aina 7 za wahusika. Mhakiki Roland Barthes, mwaka 1970, alichukua hadithi moja tu ya mwandishi Mfaransa Balzac akaikatakata vipande 561 na kuvisoma kwa misimbo mitano, yaani kanuni ambazo msomaji hupatia maana. Njia zote mbili ni halali. Kinachoharibu kazi ni kubeba orodha ya Propp na kuibandika kwenye riwaya ya kisasa. Orodha ile ilifanya kazi kwa kuwa ngano zake zilikuwa za aina moja. Ukiihamishia kwingine, utaona "katazo" na "kuvunjwa kwa katazo" kila ukurasa, maana fasili utakuwa umezivuta hadi zikubali chochote.

Kwa uchambuzi wa wakati katika riwaya, msingi bado ni mwananadharia Gérard Genette (1972): mpangilio wa matukio, muda yanaopewa na marudio, yaani yanasimuliwa mara ngapi. Fungua jedwali lenye safu tano: ukurasa, muda unaopita katika kisa, mahali tukio lilipo katika mfuatano halisi, nani anasema, nani anaona. Jaza sehemu kwa sehemu, si sura kwa sura. Sura huficha mabadiliko ya kasi. Tuseme riwaya ina kurasa 240 na kisa chake kinachukua miaka 12. Wastani ni kurasa 20 kwa mwaka. Ukikuta usiku mmoja umepewa kurasa 36 na miaka mitano imemalizwa kwa aya mbili, umepata pa kuanzia: kwa nini msimulizi amekawia hapa na kukimbia pale? Jedwali lenyewe halijibu. Linakuzuia tu kudai kitu ambacho matini haina.

Ukisimba data nyingi, yaani ukiipa kila sehemu lebo ya aina yake, mpe mwenzako asilimia 10 hadi 20 ya data asimbe bila kuona majibu yako, halafu mkokotoe kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kati ya wasimbaji wawili. Ikiwa chini ya 0.6, mara nyingi kosa liko kwenye fasili zako. Ziandike upya kabla ya kuendelea.

Darasani, makosa mawili hujirudia kila mwaka. La kwanza ni kudhani kwamba ikoni (alama inayofanana na kitu), kielekezi (inayohusiana nacho moja kwa moja, kama moshi na moto) na simbo (ya mazoea) za mwanafalsafa Charles Peirce ni masanduku matatu ya kutenganishia vitu. Hizi ni namna tatu za uhusiano, na alama moja huweza kuwa nazo zote. Onyesha picha ya kawaida ya "usivute sigara": mchoro wa sigara unafanana na sigara, moshi unaopanda unaashiria moto uliousababisha, duara jekundu lenye mstari ni mazoea tuliyokubaliana. Waache wanafunzi wabishane kuhusu picha ya kamera, ambayo inafanana na kitu na wakati huohuo imesababishwa na mwanga wake.

La pili ni kuchanganya anayesema na anayeona. Andika ubaoni: "Aliutazama mlango. Angethubutuje kurudi leo?" Msimulizi anasema kwa nafsi ya tatu na wakati uliopita, lakini "leo" ni ya mhusika, msimulizi kwa wakati wake angesema "siku ile". Neno hilo moja hufundisha zaidi ya saa nzima ya fasili. Ndiyo maana inafaa kila istilahi iingie darasani ikiwa na sentensi yake, na isizidi istilahi tatu kwa mhadhara.

Katika uchapishaji, soma matoleo ya miaka miwili ya karibuni kabla ya kuchagua jarida. Semiotica, lililoanza 1969, hupokea nadharia pana. Sign Systems Studies la Tartu, Estonia, lililoanzishwa 1964, lina mizizi katika semiotiki ya utamaduni ya Juri Lotman. Uchambuzi wa riwaya hupata wasomaji wengi zaidi katika majarida ya usimulizi na ya fasihi. Makala nyingi hukataliwa kwa sababu nusu yake ni muhtasari wa wananadharia. Utangulizi wa nadharia usizidi robo. Kisha soma hitimisho peke yake: kama msomaji makini angelifikia bila uchambuzi wako, makala haijaiva.

Ukiitwa kwenye usaili, omba kujua mapema wasikilizaji wa mhadhara wa majaribio ni nani. Katika dakika 20, chukua matini moja fupi, wagawie nakala, na utoe istilahi mbili tu. Jiandae kwa swali ambalo halikosekani: kozi gani za idara yetu unaweza kufundisha muhula ujao? Jibu kwa majina ya kozi zilizomo kwenye mtaala wao, ukiwa na mpango wa wiki kwa wiki wa angalau moja.