Kufika Undredal, kijiji cha fiodi huko Norwe, ukitokea Mwanza

Nenda mwezi wa sita, usiku hauingii giza sawasawa. Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, iombe mapema.

Toka mji wa Bergen kwa treni hadi Myrdal, badilisha hapo, kisha uteremke kilomita 20 mpaka Flåm. Kaa dirishani. Mimi ni mtoto wa Kirumba, nimekua nikitazama mawe makubwa ya ziwani, lakini milima ile inayosimama wima kutoka majini ilininyamazisha. Fiodi ni mkono wa bahari ulioingia kati ya milima. Huu unaitwa Aurlandsfjorden, tawi la Sognefjorden, ambayo kina chake kinapita meta 1,300. Ziwa letu halifiki hata 100!

Flåm usilale, meli za watalii huijaza. Nunua mkate, panda basi uende Undredal. Barabara ilifika huko mwaka 1988 tu. Zamani ilikuwa mashua, kama visiwani kwetu. Kanisa lao la mbao ni dogo kiasi kwamba watu 40 wanalijaza.

Kisha ulizia jibini ya mbuzi ya kahawia. Wanachemsha maji yanayobaki maziwa yakishagandishwa, saa nyingi, mpaka sukari yake iungue kidogo. Inakatwa vipande vyembamba kama karatasi. Ukiweka ulimini, kwanza unaonja utamu wa sukari guru, halafu chumvi, mwisho harufu ya mbuzi mwenyewe. Nilirudi na kipande, nikamwonjesha mama, akaomba kingine.

Sweta beba, hata kiangazi.