Kugawana chakula cha kulipia kabla Walt Disney World: hesabu kwanza, sahani baadaye

Wiki iliyopita nilikaa na shemeji kwenye simu karibu saa nzima. Wanakwenda Walt Disney World, kule Florida, na hoteli wameshalipia pamoja na mpango wa chakula. Swali lake lilikuwa moja: "Tukila wawili sahani moja, tunaokoa?" Jibu langu: mnaokoa mpaka kiwango fulani, mkizidisha mnatupa pesa. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Jua mpango wako

Iko miwili. Ule mdogo unakupa milo miwili ya kaunta (unaagiza na kuchukua mwenyewe) na kitafunwa kimoja kwa kila usiku mnaolala hotelini. Mkubwa unakupa mlo mmoja wa mgahawa wa kuhudumiwa mezani, mmoja wa kaunta na kitafunwa kimoja. Yote miwili ina kikombe cha kujazia vinywaji, ambacho hutumika hotelini tu, si ndani ya bustani za michezo. Kila mtu wa miaka 3 na kuendelea kwenye buking yenu lazima awemo, na nyote mpango mmoja. Kuanzia miaka 10 mtoto anahesabiwa mtu mzima.

Mimi nauona ule mdogo unatosha. Kukaa mezani saa moja na nusu na watoto wanaotaka kurudi kwenye michezo ni adhabu.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya safari

Hapa ndipo nilipoumia mara yangu ya kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Pointi za chakula (nitaziita hivyo; pointi moja ni mlo mmoja au kitafunwa kimoja) zinatolewa kwa usiku, si kwa siku. Chukua familia ya shemeji: yeye, dada yangu, binti wa miaka 11, kijana wa miaka 6, na mdogo wa miaka 2 ambaye hahesabiwi. Watu 4, usiku 4, milo 2: milo 32. Vitafunwa 16. Lakini usiku 4 ni siku 5! Kila mmoja akila milo miwili kwa siku, wanahitaji 40. Pengo ni milo 8.

Hizo 8 ndizo za kuokoa kwa kugawana. Siyo 15, siyo 20.

Zote zinaingia kwenye chungu kimoja tangu siku mnayofika. Hakuna anayewapangia mle mingapi Jumatatu na mingapi Jumanne. Mnaweza kula 10 leo na 3 kesho. Lakini saa sita usiku ya siku mnayotoka hotelini, chochote kilichobaki kinakufa. Hakirudishwi pesa, hakisogezwi mbele, na pointi hazihamishiwi mtu mwingine.

Mimi nilikwenda na akili ya nyumbani, ya kubana kwanza. Siku tatu tuligawana kila kitu, watu wanne sahani mbili, watoto wakinung'unika. Siku ya mwisho nikafungua simu, nikakuta milo 9 imekaa, na sisi tunaelekea uwanja wa ndege jioni hiyo. Tulikula mlo wa mchana kama watu wanaojiandaa kwa njaa, na bado mitano ilipotea. Pesa ilishatoka mfukoni miezi kabla. Kubana kwangu hakukuniokolea senti.

Kwa hiyo toa kwenye hesabu milo ambayo hamtakula siku ya kufika na siku ya kuondoka. Kama shemeji wanaingia jioni, tayari milo 4 imepungua kwenye 40, na pengo linabaki 4. Na wakiondoka pia mapema asubuhi ya siku ya tano, pengo linakwisha kabisa, tena wanakuwa na ziada. Hapo kugawana hakuna maana, kila mtu ajilie sahani yake.

Andika hesabu hii kwenye karatasi. Salio lenyewe utaliona kwenye programu ya My Disney Experience na kwenye risiti. Liangalie kila usiku kabla ya kulala.

Hatua ya 3: Gawana sahani sahihi

Pointi moja ni pointi moja, uagize cha bei ya juu au cha chini. Kwa hiyo gawaneni masahani makubwa. Ninachokipenda ni Flame Tree Barbecue ndani ya bustani ya Animal Kingdom: mbavu na kuku, chakula ambacho watu wawili wanagawana vizuri. Baga ukiikata katikati mnabaki na njaa wote wawili.

Mlo una kinywaji kimoja tu. Wa pili aombe kikombe cha maji ya barafu, ni bure kwenye kaunta zenye mashine ya vinywaji. Omba na sahani tupu.

Mtoto wa miaka 2 anakula kutoka sahani ya mzazi, hakuna anayekuuliza.

Hatua ya 4: Sema mapema kaunta

Mwambie keshia unatumia pointi ngapi kabla hajamaliza. Kitu cha bei ndogo kiweke kwenye agizo la pili na ulipe kwa kadi, kisikulie pointi. Ukiagiza kwa simu, fanya vivyo hivyo: maagizo mawili.

Hatua ya 5: Pasipogawanyika

Bufee, na migahawa ya kula mpaka ushibe: kila mtu wa miaka 3 na zaidi analipiwa. Usijaribu ujanja. Na kwenye migahawa ya mezani, bakshishi huwa haimo kwenye mpango. Mkiwa watu 6 au zaidi wanaongeza asilimia 18 wenyewe. Baadhi ya migahawa mikubwa, kama Cinderella's Royal Table, inakula pointi mbili za mezani kwa mtu mmoja.

Hatua ya 6: Vitafunwa

Usitumie kitafunwa kununua chupa ya maji. Nimesema. Vipeleke kwenye bustani ya EPCOT wakati wa tamasha la vyakula, vibanda vinauza sahani ndogo zenye alama ya mpango kwenye menyu, na hizo ndizo tamu za kugawana, kila mmoja anaonja.

Vilivyobaki siku ya mwisho, nunua biskuti na peremende za pakiti zenye alama hiyo hiyo, uweke kwenye begi la mkononi. Shemeji nimeshamwambia ni nani wa kuletewa.