Kabla ya kulala na RV kwenye maegesho ya kasino

Kwa sisi tunaozunguka Marekani na familia ndani ya RV, gari lenye vitanda, jiko na choo chake, kasino ni kimbilio zuri: taa zinawaka usiku kucha, walinzi wanazunguka, na chakula cha moto hakikosekani. Oklahoma peke yake ina zaidi ya 100, karibu zote za mataifa ya Wenyeji wa Asili, ambao kamari kwenye ardhi zao iliwekewa utaratibu na sheria ya shirikisho ya mwaka 1988. Kwa hiyo jua kwamba unakwenda kulala kwa watu wenye serikali yao na polisi wao. Wakikwambia ondoka, washa gari uondoke.

Piga simu siku ileile. Usitegemee habari za aliyelala pale mwaka jana, maana ruhusa hubadilika. Omba kuunganishwa na walinzi, kwa sababu ndio watakaokugongea dirisha usiku. Uliza RV zinalala upande gani, siku ngapi, na kama kuna kujiandikisha. Kuna wanaokupa karatasi ya kuweka mbele ya kioo, na kuna wanaotaka uchukue kwanza kadi yao ya uanachama. Andika jina la aliyekujibu. Jibu likiwa hapana, usiende, hata ukiona RV tatu zimeegeshwa.

Kuna maegesho ya bure, na kuna uwanja wa RV wa kulipia. Kasino ya WinStar, pale Thackerville, Oklahoma, kwenye barabara ya I-35, na kasino ya Route 66 magharibi mwa Albuquerque, New Mexico, zina viwanja vyenye umeme, maji na bomba la maji taka. Kama una kichanga, au mzee anayelala na mashine ya kupumulia, lipia tu. Kwenye maegesho ya bure unaishi kwa ulichokuja nacho, hivyo jaza maji safi na umwage tangi la choo njiani. Baadhi ya vituo vya mafuta vya Love's na Pilot vina sehemu ya kumwaga kwa malipo.

Betri ndiyo inayoumbua wengi. Hita ya RV haiendeshwi na gesi peke yake, feni yake inakula betri. Usiku mmoja wa Januari huko New Mexico, hita yetu ilianza kupuliza hewa baridi saa tisa usiku, kisha ikanyamaza. Mtungi wa gesi ulikuwa umejaa. Mita ilisoma volti 11.6. Mke wangu aliwavalisha watoto makoti wakiwa usingizini. Sasa silali kabla ya kuangalia mita: betri ya asidi iliyojaa husoma karibu 12.7, na ikifika 12.1 imebaki nusu. Kama una jenereta, uliza saa inazoruhusiwa, na ujaribu king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kabla hujaiwasha. Usijipange kando ya malori ya friji. Yananguruma na kutoa moshi hadi asubuhi.

Usitandaze viti nje wala kuchoma nyama, na maji ya vyombo yasidondoke kwenye lami. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kula chakula cha jioni pale, au weka mafuta. Ambaye dini yake inamkataza kamari hana deni zaidi ya hapo. Anayetaka kucheza aingie na keshi aliyokwisha kuihesabu, kadi ya benki aiache kwa mwenzake.

Watoto hawaingii ukumbi wa kamari, na kuwafungia garini mkaingia wote wawili ni hatari, tena kunaweza kuwaletea polisi. Mzazi mmoja abaki. Na ukinywa, usikae kwenye kiti cha dereva ukiwa na funguo: Oklahoma inaweza kukushtaki hata kama gari halijasogea.

Kuanzia Aprili hadi Juni, kwenye nyanda za Oklahoma kuna tornado, tufani za upepo unaozunguka, na RV si mahali pa kujificha. Mlinzi anapokuonyesha pa kuegesha, muulize pia ving'ora vikilia watu wanakimbilia mlango upi. Tembea hadi mlangoni hapo mkiwa na watoto, kabla giza halijaingia. Usiku simu iwe na chaji na sauti iwe juu, viatu vya kila mtu viwe mlangoni.