Kabla hujanunua mkono wa klachi wa pikipiki ya zamani

Wenye Honda au Yamaha za miaka ya 1970, msiende Kariakoo kuulizia mkono wa klachi kwa jina tu. Beba ule wa zamani. Pima kwanza unene wa usukani: pikipiki nyingi za Kijapani ni milimita 22, ila baadhi ya za Kiingereza na Kimarekani ni inchi 1, na vishikio vyake haviingiliani.

Halafu pima toka katikati ya tundu la boliti ambayo mkono unazungukia hadi katikati ya tundu la kichwa cha waya wa klachi (kile kivimbe cha mwishoni mwa waya). Wengi hawaangalii hapa, na ndipo penyewe. Nafasi ikizidi, mkono unavuta waya mwingi lakini unakuwa mgumu. Ikipungua, ni laini ila klachi haiachii vizuri na gia zinakwaruza.

Kile kichwa cha waya nacho lazima kizunguke kwenye tundu lake. Kikiganda kwa kutu (na chumvi ya bahari huku Kigamboni haichelewi), waya unakunjika palepale kila ukibana, nyuzi zinakatika mmojammoja. Sugua tundu kwa msasa laini, paka grisi. Boliti usiikaze mpaka mkono ugome kurudi.