Kupanga bei ya ufundi gerejini Tanga
Anza na saa za kazi, siyo sura ya mteja. Jumlisha kodi, umeme, malipo ya vijana, uchakavu wa vifaa na ujira wako, kisha gawa kwa saa unazolipwa kweli. Mfano: shilingi 1,300,000 kwa mwezi, siku 26, saa 5 zenye kazi kila siku, unapata 10,000 kwa saa. Ukigawa kwa saa zote ambazo gereji iko wazi utajipunja, maana muda wa kusubiri spea haulipwi na mtu.

Klachi ikichukua saa 5, ufundi ni 50,000, spea mbali. Lakini upepo wa bahari una chumvi, na gari linalolala Raskazone, kando ya bahari, huwa na nati zilizoshika kutu. Ingia chini ukague kabla ya kutaja bei. Bolti ya bomba la moshi ikikatikia ndani, kuitoboa na kukata upya nyuzi za tundu lake kunakula muda mwingi. Mkubaliane mapema bei yake pembeni.

Keria ya kubebea mizigo juu ya gari au bampa la kuchomelea usilitajie bei ya mkupuo. Pima, chora, hesabu paipu na vijiti vya kuchomelea, chukua kwanza fedha ya vifaa, ufundi utoze kwa siku. Mteja akibadili mchoro, piga hesabu upya naye asaini.